Mtetea Hupimwa kwa Vifaranga Aliowakuza

Kila familia inayofuga kuku wa kienyeji Likasi inachagua mbegu, hata kama haijui kwamba inachagua. Pora aliyekua haraka kuliko wenzake ndiye anayepelekwa sokoni kwanza, maana ndiye mwenye bei. Mtetea mnene huchinjwa siku anapofika mgeni wa heshima. Bandani wanabaki pora aliyedumaa na mtetea ambaye hakuna mnunuzi aliyemtaka, na hao wawili ndio wanaozaa kuku wa mwaka unaofuata. Mtindo huo ukiendelea miaka mitano, tunasema kuku wetu ni wadogo kwa asili yao, kisha tunatafuta jogoo wa kigeni aje kuokoa banda.

Sifa inayoumia zaidi katika uteuzi huu wa kinyume ni kuatamia. Siku hizi mtetea akilala juu ya mayai, jirani hakosi kuchungulia na kusema: "Papa, hii kuku iko nalala tu, pika!" Jirani huyo amezoea kuona kuku wa mayai wa kisasa, na kwake siku isiyo na yai ni siku ya hasara. Kwa mfugaji wa parseli ndogo ya Kikula au Panda, mitaa ya Likasi, hesabu ni nyingine. Kuku anayejua kuatamia na kulea ndiye kiwanda chake cha vifaranga, na kiwanda hicho kinaweza kufa bila mtu kugundua.

Kwa nini jambo hili ni la Likasi

Likasi ilijengwa na madini. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines, zililea vizazi vya wafanyakazi waliopata mshahara, nyumba na posho ya chakula. Kuku wa uani walikuwa nyongeza tu. Uzalishaji wa Gécamines ulipoporomoka katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Mwaka 2003 ulianza mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, na kupitia mpango huo zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo walilipwa waondoke kazini. Shamba la mahindi nje ya mji na kuku wa parselini vikawa sehemu ya riziki.

Aliyefikiria kuufanya ufugaji huo uwe wa kisasa alinunua mashine ya kutotolea vifaranga, na hapo akakutana na umeme. Si mbali na mji, juu ya mto Lufira, yapo mabwawa ya Mwadingusha na Koni. La Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya migodi na viwanda. Waya za umeme zinapita juu ya paa zetu, lakini delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, hazikomi. Yai linahitaji joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21. Umeme ukikatika usiku kucha katikati ya Juni, kwenye mji ulio kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, trei nzima ya mayai inaweza kuharibika. Waliojaribu kulea vifaranga vya mashine kwa mbabula, yaani jiko la makaa, wanajua pia makala inayoteketea katika majuma ya mwanzo, na moshi unaoingia kwenye mapafu ya kifaranga.

Chakula nacho kina habari yake. Sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa Haut-Katanga hutoka Zambia na kupitia Kasumbalesa, na chakula cha kuku hufuata njia hiyohiyo. Zambia ikizuia mahindi yasitoke, bei ya bukari, yaani ugali, inapanda mezani na bei ya chakula cha kuku inapanda bandani. Kuku wa kienyeji huhisi mtikisiko huo kidogo zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chake anaichakura mwenyewe. Katanga imejaa vichuguu vikubwa, na anayebomoa kipande cha kichuguu kila asubuhi anawapa vifaranga mchwa wenye protini ambayo dukani ingemgharimu pesa nyingi.

Kinachotokea ndani ya kuku

Kuatamia si uvivu wala ugonjwa. Mtetea anapoona mayai yanaongezeka katika kiota chenye giza na utulivu, na ngozi ya kifua chake inapoyagusa kila siku, ubongo wake huamrisha homoni iitwayo prolaktini iongezeke. Prolaktini ikipanda, kazi ya kutengeneza mayai husimama. Manyoya ya tumboni hupungua ili ngozi yenye joto igusane na mayai. Hamu ya kula hushuka, na kuku huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza ni kwamba kuatamia na kutaga vinavutana ndani ya mwili mmoja, kwa hiyo anayetaka mtetea wa mayai 200 kwa mwaka ambaye pia anaatamia mara nne anataka kitu kisichokuwepo. La pili ni kwamba kuatamia kunahitaji urithi na mazingira kwa pamoja. Mwenye mbegu nzuri anayeokotewa mayai yote kila siku, kwenye kiota chenye mwanga na kelele, huenda asilale kamwe. Kabla ya kumlaumu kuku, mwachie mayai matatu au manne kiotani, hata kama umeyatia alama ya makala ili uyatambue, uone atafanya nini.

Jinsi dunia ilivyoifuta sifa hii

Mashine za kutotolea vifaranga zilipoenea Ulaya na Marekani, kuatamia kukawa gharama. Huko Massachusetts, H. D. Goodale na wenzake walichapisha mwaka 1920 utafiti wao juu ya kuatamia katika kuku aina ya Rhode Island Red, na kituo chao cha utafiti kiliendelea kuwachagua wasiolala. White Leghorn alikuwa ametangulia, na leo ni nadra kumkuta akiatamia. Kwa ufupi, sifa iliyomwezesha kuku kuishi na binadamu kwa maelfu ya miaka ilipunguzwa ndani ya vizazi vichache vya kuku, kwa sababu watu waliandika nani analala na nani halali, na wakazalisha wasiolala tu.

Je, urithi huo hupita njia gani? Kwa muda mrefu wafugaji waliamini kwamba sifa hii imefungwa kwenye kromosomu ya jinsia. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walitoa matokeo ya kupandisha White Leghorn na kuku wadogo wa bantam wanaoatamia sana. Hawakukuta jeni kubwa kwenye kromosomu hiyo. Matokeo yao yalielekeza kwenye jeni zaidi ya moja mahali pengine, nyingine ikisukuma kuatamia na nyingine ikizuia. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba binti hupokea sifa hii kwa mama na kwa baba pia. Jogoo hajawahi kulalia yai hata moja, lakini nusu ya urithi wa kulalia unapitia kwake.

Hapo ndipo unapotisha mtindo wa kugawa majogoo wa kisasa vijijini. Kuroiler, aliyezalishwa India na kuingizwa Uganda kwa kazi iliyoongozwa na Profesa Jagdev Sharma wa Chuo Kikuu cha Arizona State, hukua haraka na hutaga mayai mara kadhaa ya yale ya kuku wa kijiji. Sasso wa Ufaransa naye amesifiwa Tanzania na Ethiopia kwa uzito wake. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kuku hawa ni machotara waliotengenezwa kwa mistari ya wazazi inayotunzwa na kampuni. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, watoto hawafanani tena na wazazi. Ukimwachia jogoo wao achanganyike na mitetea wako wote, mabinti watakuwa wakubwa, utafurahi, na baada ya misimu miwili au mitatu huenda ukagundua kwamba ni wachache wanaolala juu ya mayai. Utanunua mashine, au utanunua vifaranga kila msimu. Kuanzia siku hiyo mbegu iko mikononi mwa mtu mwingine.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano, kila mtu aubadilishe kwa bei za mtaa wake. Kuku wa mayai wa kisasa hula kiasi cha gramu 115 kwa siku, yaani karibu kilo 42 kwa mwaka, na chakula hicho lazima kiwe kamili, la sivyo mayai yanapungua. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka katika mizunguko mitatu au minne. Akilalia mara tatu, mayai 12 kila mara, na akiangua 10, anakupa vifaranga 30. Wakiachwa wajitafutie tangu siku ya kwanza, si ajabu nusu yao wapotee kwa mwewe, mvua na magonjwa. Wakichanjwa na kufungiwa sehemu salama majuma manne ya mwanzo, wanaweza kufika 24. Kuku 24 wa kuuza, kutoka kwa mama mmoja aliyekula pumba, mabaki ya bukari na mchwa.

Mwenye soko la mayai lililo imara na pesa ya chakula ya miezi sita mbele afuge kuku wa mayai, tena kwa moyo mkunjufu. Asiye na hivyo viwili asidanganywe na wingi wa mayai, kwa sababu kwake zao ni kuku hai.

Namna ya kumchagua

Kosa la wengi ni kumsifu mtetea anayelala mara nyingi. Wapo wanaolala mara tano kwa mwaka na kuangua mara moja, na wapo wanaoangua vizuri halafu wanakimbia na vifaranga kwenye umande hadi wabaki wawili. Kipimo ninachokitetea ni kimoja: idadi ya vifaranga walio hai wanapotimiza wiki nane. Ndani ya namba hiyo yamo mambo yote, kulala kwa uaminifu, kugeuza mayai, kuita watoto kwenye chakula na kupambana na mwewe.

Ili namba hiyo imtendee haki kuku, lazima utenganishe kosa lake na kosa la wengine. Siku ya saba, giza likishaingia, chukua tochi ya simu. Ondoa yai chini ya mtetea taratibu, kwa kiganja kinachoelekea juu, usije ukamkwaruza kifua. Ziba mwanga wa tochi kwa vidole hadi ubaki upenyo mdogo, kisha egemeza ncha butu ya yai hapo. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika pande zote. Lisilo na mbegu linapitisha mwanga mtupu wa manjano. Lenye duara jembamba la damu lilianza likafa. Yai la mwanga mtupu mhesabie jogoo, au wewe uliyekusanya mayai kwa siku 20 kabla ya kuyaweka. Yasizidi siku 7 hadi 10, yakae mahali penye ubaridi, ncha kali ikiwa chini. Mayai yaliyokuwa hai siku ya saba na hayakuanguliwa siku ya 21 ndiyo ya kumhoji mtetea, hasa yakirudia mara ya pili.

Katika safari hiyohiyo ya usiku utajua tabia yake. Mtetea mzuri hujifura, hutoa sauti nzito ya kuonya, pengine hudonoa mkono, lakini haondoki. Anayeruka kwa kelele na kukanyaga mayai hafai kuzalishiwa mbegu, hata awe na rangi nzuri kiasi gani. Mchana mtazame anapotoka: kwa kawaida mara moja, kula, kunywa, kujipaka vumbi, kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, na kurudi ndani ya dakika chache. Anayezurura hadi mayai yapoe ana kasoro, au ana utitiri. Kagua chini ya mbawa na pembeni mwa kiota kabla ya kumhukumu. Majivu kwenye kiota, nyasi kavu mpya, na maji karibu humaliza nusu ya matatizo yanayoitwa ya urithi.

Usimhukumu tembe kwa kulalia kwake kwa kwanza. Wengi hukosea mara ya kwanza na kutulia mara ya pili. Umbo nalo lina neno: mtetea wa wastani, mwenye kifua kipana na miguu isiyo na manyoya mengi, hufunika mayai 10 hadi 13 bila kuyavunja. Mzito sana huvunja, na mdogo sana huacha ya pembeni yapoe.

Haya yote yanahitaji daftari la mwanafunzi na kamba za rangi mguuni. Andika kwa kila mtetea: mayai aliyowekewa, yenye mbegu, yaliyoanguliwa, na walio hai wiki ya nane. Baada ya mizunguko miwili, mistari hiyo minne itakuambia zaidi ya macho ya mfanyabiashara yeyote wa kuku.

Jogoo atoke wapi

Kwa kuwa nusu ya urithi inapitia kwa jogoo, chagua pora kutoka kwa mtetea aliyeshinda daftarini, si pora mzuri tu wa sokoni. Katika kila totoleo la mtetea huyo, tia alama mapora wawili waliokua haraka na usiwauze, hata mnunuzi akiongeza bei. Hapo ndipo unapovunja ule uteuzi wa kinyume nilioanza nao. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10.

Asipande dada zake na mama yake mwaka hadi mwaka. Wafugaji watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaotunza madaftari wanaweza kuzungusha majogoo kila mwaka: wa kwangu aende kwako, wako aende kwa wa tatu. Hiyo ni njia ya bei nafuu ya kupata damu mpya bila kupoteza sifa.

Mwenye hamu ya jogoo wa kigeni simkatazi. Atenge mabanda mawili. Upande mmoja akae na kundi la mbegu, mitetea sita au wanane bora na jogoo wao wa kienyeji. Upande wa pili jogoo chotara azalishe kuku wa kuuza, na mayai yao yalaliwe na mitetea wa upande wa kwanza. Mabinti wa chotara wote waende sokoni, asibaki hata mmoja kuwa mama.

Kalenda ya Likasi

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili. Vifaranga wa Januari na Februari hukutana na matope, baridi ya mvua na kuhara damu. Wa Septemba hadi Novemba hukutana na adui mkubwa zaidi, ugonjwa wa Newcastle, ambao Watanzania huuita mdondo au kideri, na ambao katika ukanda wetu hupenda kulipuka kiangazi kinapoishia. Mtetea bora daftarini anaweza kufa na watoto wote ndani ya juma moja, na uteuzi wa miaka mitatu ukafukiwa shimoni.

Kwa hiyo laza mitetea wengi Aprili na Mei. Mahindi yamevunwa, punje ziko chini, ardhi inakauka. Baridi ya Juni na Julai ni kali, lakini mama ana joto la kutosha kwa vifaranga wake, na usiku usio na mvua ni rahisi kuukabili. Ifikapo Agosti vifaranga wamepita wiki nane na wanachanjwa kabla ya hatari. Chanjo ya I-2, iliyoanzia Australia katika kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland na kutengenezwa pia Tanzania, hutiwa tone moja jichoni na huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, ingawa inapaswa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Uliza duka la dawa za mifugo lina chanjo gani na limeihifadhi vipi. Mchanje mtetea wiki chache kabla hajaanza kutaga, kwa sababu kinga yake hupitia kwenye yai na kumlinda kifaranga siku za mwanzo.

Laza mitetea watatu siku moja, si mmoja mmoja. Siku ya kuangua, usiku, wape wawili walezi hodari vifaranga wote, na wa tatu arudi kutaga mapema. Kama una mtetea anayelala wakati huhitaji vifaranga, mweke siku chache kwenye tundu la juu lenye sakafu ya waya, hewa ikipita chini yake, akiwa na maji na chakula. Kifua kikipoa, prolaktini hushuka. Usimmwagie maji wala kumfunga kamba. Na usimuuze kwa sababu hiyo tu.

Utafiti tunaouhitaji

Tanzania imetangulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walionyesha miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba "kuku wa kienyeji" si kitu kimoja. Kuchi mrefu wa mapigano, Ching'wekwe mdogo wa Morogoro, Singamagazi na wengine hutofautiana kwa uzito, mayai na hata kwa namna wanavyokabili magonjwa. Haut-Katanga ina kuku wa shingo wazi, wa manyoya yaliyopinda, wa miguu mifupi. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Kazi ya kufaa ingekuwa kufuata mitetea wa Likasi kwa namba moja, walio hai wiki ya nane, na kutuambia ni ukoo upi unaoshinda kwenye vumbi na baridi yetu.

Wakati tukisubiri, mradi wowote unaoleta majogoo mtaani uulizwe swali hili kabla ya kupokelewa: mabinti wa jogoo huyu wataatamia? Kama jibu ni hapana, jogoo apokelewe kwa ajili ya nyama, na waleta mradi waseme nani atalipia vifaranga wa mwaka wa tatu. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Mimi naongeza sharti la mfugaji: mtetea aliyefikisha vifaranga wanane wiki ya nane mara mbili mfululizo hauzwi Desemba, hachinjiwi mgeni, na hakopeshwi, mpaka binti zake wawili wawe wamefanya kama yeye.